Quartz ya Njano

Siku ya Yenga, tarehe 7/9/2025

Nimemukosea Lusenge. Naandika ile kwanza, mbele nianze kutafuta maneno ya kujificha. Nimemukosea Lusenge, nimemukosea na bibi yangu Solange, na hakuna mutu mwenye anajua. Hii cahier ya kuandikia ni ya binti yetu Débora, aliiacha nusu wakati alienda kusoma. Hatairudilia.

Ginsi ilipita. Kisha ibada tulienda ku terrain yetu, ile béton ya zamani ya kuanika kahawa. Kama kila yenga. Batu sita, magari nane za kuchezea za télécommande, muvua kidogo. Solange alikuwa anaendesha ile nyekundu ya marehemu Josaphat, kaka yake. Josaphat aliileta toka Kampala, mwaka moja mbele ya kufa. Mu nyumba tuko na magari kumi na moja ku étagère. Mi na Solange tulizitafuta pamoja miaka tisa, moja-moja, zingine mu bintu bya kutumika ku soko. Mais ile nyekundu njo roho yake. Hapana kuuzisha, hapana kuazimisha.

Magari zetu ni za zamani. Kila moja iko na quartz, kadude kadogo sawa jino ya chuma. Moja mu gari, moja mu télécommande, basi zinasikilizana. Kuko za njano, za bleu, za kijani. Kama batu babili banawasha njano wakati moja, gari inasikia babwana babili, inapata wazimu. Njo maana nilitengeneza ile planche, ubao ya kutundika pince za kubania manguo, zenye rangi. Mi ni menuisier, fundi wa mbao, ilinikamata siku moja. Mutu mwenye hana pince ya rangi yake ku shati, hawashi. Sheria ni ile tu. Mi njo président, mi njo niliiandika pale na mukono yangu.

Njano ni Solange na Lusenge, rafiki yetu mwenye anatokaka Beni, banapashanaka pince. Mi niko bleu. Batu bote banajua: Phinées ni bleu.

Mais quartz zangu za bleu zilikufa. Siku ya tano nilitia za njano. Nilikuwa nitabaambia. Nilisahau? Sijuwe.

Solange alikuwa mbele ya bote. Mathe, ule infirmier wa hospitali, anapendaka kuchokoza. Akaniambia: «Président, mama Débora anakulisha vumbi. Hata ku nyumba ni ye anashikaka télécommande?» Balicheka. Na mi nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya ukuta na gari yangu, nikawasha. Kidogo tu. Kuangalia kama magurudumu inageuka. Bila pince.

Nikasikia Solange anapiga kelele. Gari yake iligeuka yenyewe, ikatoka mu béton na mbio yote, ikaanguka mu ravin, ile korongo ya pembeni. Mita ine. Nikazima.

Wakati nilitokea, batu bote balikuwa banaangalia Lusenge. Alikuwa na télécommande mu mukono, antenne juu, anaipanguza muvua. Alisema haikuwaka. Alisema mara tatu. Solange alipanda toka mu ravin na bipande mu kitenge, akamuambia pole-pole: «Lusenge, ulilia na mi ku kilio ya Josaphat. Leo umemuzika tena.»

Lusenge aliniangalia mi. Mi niliangalia planche.

Siku ya Kwanza, 8/9

Nilifungula gari yangu mu atelier, mulango umefungwa. Njano. Nilikuwa natumaini kuona bleu — sawa mupumbavu.

Solange alitandika bipande ku meza yake ya kukatia manguo. Essieu, ile chuma ya kushika magurudumu, imevunjika, châssis imepasuka. Bateja banakuja kwa robe zao, anabaambia bangojee. Alinilomba colle ya kugandisha. Nilimupatia. Akasema wasingya, aksanti, papa Débora, bila we ningefanya nini.

Nilitoka inje. Nilisimama karibu na choo bila kazi ya kufanya kule.

Siku ya Tatu, 10/9

Leo mukutano kwa Mathe. Lusenge alitoka Beni mpaka hapa Butembo juu ya ile tu. Alivaa veste, koti yake ya ibada.

Batu baliongea sana. Mathe alisema hana chuki, mais sheria ni sheria, na kama tunaachilia moja, kesho magari yote iko mu ravin. Mwingine akasema batu ba Beni banazoea kuwasha tu ovyo-ovyo. Balicheka kidogo, Lusenge pia. Solange hakucheka. Kisha bakasema président aamue.

Ningesema pale. Kinywa ilikuwa yangu, hakuna mutu aliifunga. Badala yake nilitosha karatasi. Nilikuwa nimeshaiandika ku nyumba! Donc nilijua mbele kama sitasema. Ao niliandika nikitumaini sitahitaji kuisoma? Hata sasa sielewe mutu mwenye aliandika ile karatasi.

Nilisoma sawa matangazo ya kanisa: Lusenge atabakia inje ya kikundi mpaka siku atakubali kosa mbele ya bote na kulomba mama Solange musamaha.

Lusenge hakugombana. Aliuliza tu: «Président, hata we unaona ni mi?»

Nikamujibu: «Batu bote baliona.»

Baliona nini? Baliona mutu anapanguza muvua. Lusenge alitosha pince ya njano mu mufuko. Ilibakiaka kwake tangu yenga, juu Solange aliiangusha wakati wa kukimbilia ravin, njo ye akaiokota. Akaitundika ku planche. Ilikaa upande, akainyoosha. Akaenda.

Siku ya Posho, 13/9

Chauffeur mumoja alileta colis, kafurushi, toka Beni. Ya mama Débora. Mundani: essieu. Solange aliijua palepale, ni ya ile kijani ya Lusenge, gari yenye anapendaka kupita zingine zake. Aliivunja juu ya kutuma kipande. Tena quartz zake za njano zote mbili, mu karatasi ya kalenda ya kanisa. Aliandika: essieu ni ya nyekundu, na quartz ni juu mama Débora aendeshe bila kuniogopa.

Solange alishika ile essieu muda murefu. Nikafikiri roho yake imelainika. Kumbe hapana. Akasema: «Mutu mwenye hana kosa hawezi kutuma bintu namna hii. Ni kosa njo inamusukuma.»

Donc hata wema yake tumeifanya mushuhuda wa kumufunga. Nilisema pengine ni wema tu. Akaniuliza kama mi niko upande wake ao wa Lusenge. Nikasema upande wako. Na ni kweli. Njo kile kinanichanganya kichwa. Ni kweli!

Kuko kitu ingine, sijaiandika. Zile quartz za njano zenye ziko mu gari yangu, Lusenge mwenyewe njo alinipatiaka. Mwezi wa munane, kwake Bungulu, kule Beni, mu boîte yake ya bintu bya radio. Alisema: «Bleu yako iko ya kufa, président. Siku inakatika utatia hizi, mais utuambie mbele.» Tulikuwa babili tu.

Je, anakumbuka? Kama anakumbuka, juu ya nini ananyamaza? Na kama alisahau, juu ya nini aliniangalia mi kwanza, ile siku?

Siku ya Tatu, 17/9

Beni. Nilienda kukamata mbao, nilisema. Mbao kuko hata Butembo.

Nilimukuta Lusenge ku kiosque yake ya kutengeneza radio. Alisimama, akanipatia kiti, akatuma ku nyumba bapike. Sawa vile hakuna kilipita. Njiani nilikuwa nimefundisha kinywa yangu maneno tano: Ni mi, niliwasha, nilitia njano. Tulipitia barrière, nikayasema. Tulifika Bungulu, nikayasema tena. Mbele yake yakapotea.

Nadège, bibi yake, alituletea fufu na sombe. Ye hapana mutu wa kuficha. Akaniuliza: «Président, umekuja na karatasi ingine, ao leo utakula tu?» Lusenge akamunyamazisha. Nadège akaendelea, na mi njo alikuwa anaangalia: tangu ile siku bwana yake anafungula ile télécommande kila asubui na kuifunga, sawa mutu anapima mugonjwa. Magari zingine ameziweka mu carton.

Wakati Nadège alirudi mu cuisine, Lusenge aliniambia ile yenye sikungojea. Akasema: «Phinées, labda ni mi.»

Akasema bouton ya télécommande yake imezeeka. Labda iliteleza wakati wa kupanguza. Ye hakuona taa inawaka, mais batu batano hawawezi kukosea, ye mumoja aone sawa. Akasema tangu bakimbia vita ya Eringeti na mashamba ikabakia nyuma, yenga ya Butembo njo fasi moja kichwa yake inapumuzika. Kukosa ile fasi juu ya kubishana, hapana. Atakuja yenga hii. Atakuja na kuku, atapiga magoti mbele ya mama Débora, atakubali. Akanilomba nimupelekee Solange ile habari, juu asishituke.

Alikuwa anasema vile anaangalia fufu. Sikuona macho yake.

Anaamini? Ao anajua yote, na anabeba muzigo yangu juu tu ya kurudi? Nilitafuta ku uso yake, sikupata. Nikasema: «Nitamuambia.» Ile tu. Nilikula chakula yake nikamaliza, nikanawa mikono.

Wakati wa kuaga alinishika mukono sana. Akaniuliza: «Na bleu yako, inatembea?»

Nikasema inatembea.

Alitikisa kichwa. Akasema sawa.

Siku ya Ine, 18/9

Nilimuambia Solange. Alikaa chini. Alilia kidogo — furaha. Akasema Lusenge ni mutu mukubwa, kukubali kosa hapana kazi ya mutu mudogo. Akasema atamusamehe mbele kuku haijagusa chini. Akasema na we, papa Débora, ulifanya muzuri kwenda kumutafuta. Batu batakuheshimu.

Mathe naye alipiga simu. Félicitations, président.

Basi yote imetengenezeka. Lusenge anarudi. Solange anacheka. Hakuna mutu anateseka tena. Kama ninanyamaza siku tatu tu, hii maneno inakufa yenyewe. Juu ya nini sasa njo inanisumbua kuliko mbele?

Nilijaribu kuomba. Nilifika ku «utusamehe makosa yetu», nikarudilia mwanzo. Mara ine vile.

Siku ya Posho, 20/9

Gari ya Josaphat imepona. Solange alimaliza leo mu muchana. Essieu ya Lusenge imeingia sawasawa, sawa vile ilizaliwa mule. Châssis alishona na fil de fer, waya tu, alama inaonekana, amesema anaipenda na alama yake. Iko mu cour, mu uwanja ya nyumba, anaitembeza, inaenda, inarudi, inageuka. Bajirani banaangalia kwa juu ya lupango, ile uzio.

Mi niko mu chumba, naandika mbio.

Tangu asubui nafikiria kutosha zile njano na kuzitupa mu choo. Bleu nitanunua ingine siku moja. Nilishika tournevis, bisibisi. Niliiweka chini. Nikaishika tena. Kuko swali moja yenye sijapima hata leo: labda kweli haikuwa mi. Labda ni bouton ya Lusenge! Ningeweza kupima dakika moja, sikupima. Mutu mwenye hana kosa angepima siku ileile. Ile njo jibu, nafikiri.

Na ingine, mbaya zaidi. Nyuma ya ule ukuta, wakati Mathe alimaliza kunicheka — nilikumbuka kama ni njano? Kichwa inasema hapana. Mais nilitia kidole ku bouton, nikangojea kwanza Solange afike ku virage, pale kona. Juu ya nini nilingojea?

Donc naahidi. Naandika tarehe juu nisiikimbie: kesho, siku ya Yenga 21/9, kisha ibada, ku terrain, mbele Lusenge hajaweka kuku chini na mbele goti yake haijagusa béton, nitatosha quartz za njano mu gari yangu batu bote banaona. Nitazitia mu mukono ya Solange. Nitasema ile maneno tano. Nitachukua pince yangu ku planche na kumupatia Mathe, aandike karatasi yangu. Kama kuko magoti kesho, ni yangu.

Ile ni kesho.

Sasa Solange ananiita. Alikuja ku dirisha, mikono iko na mafuta, uso inacheka sawa ule mwaka tulinunua gari ya kwanza. Alinionyesha quartz za Lusenge mu kiganja. Amesema njano zote ziko kwake sasa, hakuna mutu atamusumbua tena. Kisha akasema:

«Papa Débora, leta yako, tuziendeshe mbili. We uko bleu.»

Aliniangalia. Alikuwa anauliza, ao alikuwa anasema? Sijuwe.

Batterie yangu imejaa. Ningeweza kusema imekufa. Anaita mara ya pili, bajirani nao banaita, président, président.

Nimejibu: nakuja.

Tournevis iko pale ku kitanda. Gari iko mu mukono yangu. Quartz za njano sikuzitosha.