Kazija, Faki Kabeba Majina Kaacha Nyimbo

Kazija,

Nimekaa kwenye kitanda chako. Usinune, godoro nimelianika na shuka ni langu. Kalamu ni ya mjukuu wako Raya, na yeye mwenyewe nimemtoa chumbani, maana kila nikiandika neno anachungulia begani na kusema, "Bibi, hapo pamekosekana herufi." Herufi nilizozipata kisomo cha watu wazima ndizo hizi, na kwa niliyonayo leo zitatosha.

Nina habari moja. Faki nimemlipizia. Tulia nikuhadithie, na usinikate kauli kama ulivyozoea. Leo zamu yangu.

Lakini kwanza nikugombeze. Ulikufa asubuhi mie niko jikoni nakukorogea uji wa pilipili manga, wala hukuniita. Miaka thelathini tulikaa wake wawili kwa mume mmoja. Tulipomzika, tukakaa wawili bila mume, na hakuna aliyetulazimisha. Watu wa Vitongoji walidhani tutagawana nyumba kwa ukuta. Tukagawana jiko. Mtu uliyekaa naye hivyo humwiti hata jina? Uji ule niliumwaga. Sufuria ile sijaipikia uji tena. Haya, hilo limenitoka, tuendelee.

Daktari alisema ni moyo. Mie nasema ni Faki na spika zake za kukodisha harusini. Hujasahau ile harusi ya kwa jirani. Ulikuwa umelala, dirisha wazi, spika za Faki zikaanza kupiga wimbo wako. Umeutunga weye, sauti yako weye, tari langu mie nyuma. Alitunasa kwa simu yake zamani kwenye harusi nyingine, na ruhusa hakuomba. Sisi tukacheka, tukasema si haba, tunasikika. Ulipokwisha, Faki akashika kipaza sauti akasema, "Huo ni wimbo wa mama yangu mzazi, Bi Riziki, Mungu amuweke." Bi Riziki, Kazija. Aliyekuwa akikaa nyuma yetu akipiga makofi na kuitikia.

Ukaacha kucheka. Ukaniuliza, "Mize, kwani mie nishakufa?"

Nikakwambia nyamaza, kunywa maji.

Ukasema, "Basi yule anayeimba pale ni nani?"

Nikenda kufunga dirisha. Hukukaa mwezi baada ya siku ile. Na kila siku ya mwezi ule nilikuwa nakulisha, nakugeuza, nakukanda miguu, na moyoni natafuta jibu la kumpa Faki, si la kukupa weye.

Jibu nimelitoa kwenye ile kompyuta yako. Ile aliyokuletea mwanao kutoka Maskati, yenye tunda lililomegwa mgongoni, ambayo Raya anaiita Mac. Raya alitukalisha hapa hapa akaturekodi nyimbo zote ishirini, akaziweka humo, akatia na programu ya kupigia muziki. Programu ya bure, na hiyo hiyo moja anayo kwenye kompyuta yake ya Windows anayofundishia skuli. Akatuambia haibagui, popote inakaa. Ukaitazama kwenye yake, ukaitazama kwenye yako, ukasema, "Mize, huyu ni marehemu mume wetu. Mtu mmoja, kwangu tabia hii na kwako tabia nyingine." Raya alicheka mpaka akatoka nje. Lakini ulisema kweli. Kwa Windows kitufe cha kufungia kiko kulia, kwa Mac kimehamia kushoto, na chenyewe ni kidoti chekundu. Kwa Windows kipanya unakibonyeza upande wa kulia kinakupa menyu, kwa Mac unapapasa kwa vidole viwili kama mtu anayeonja unga.

Na ile siku adhana ya alasiri ilipotukuta wimbo unapiga. Ukabonyeza kidoti chekundu, dirisha likaondoka, na weye bado unaimba, tena ule wimbo wa bwana harusi kuvua kanzu. Ukabonyeza kila kitu. Ukaifunika kanga, ikaimba ndani ya kanga. Ukaifunika mto, ukaukalia mto, ukawa umekaa juu ya sauti yako mwenyewe unastaghfiru, na mie nimeshika mbavu. Raya alipokuja akasema, "Bibi, kwenye Windows ukiifunga imekwisha. Kwenye Mac umerudisha mlango tu, mwenyewe yumo ndani." Ukamjibu, "Sikukwambia? Mume wetu kabisa."

Baada ya arubaini yako nilikuwa na harusi ya mtoto wa kaka yangu kule Wesha. Nikasema Kazija ataimba, apende asipende. Raya yuko skuli, nikaona sina haja ya kumsubiri, mie si mtoto. Nikafungua Mac, nikaona alama imeandikwa "Nyimbo zote za Bi Kazija", nikaiburuta nikaitia kwenye flashi. Kitu kimoja, hata dakika haikuchukua. Nikavaa, nikajitia udi, nikenda Wesha kichwa juu.

Kule kompyuta yao ni ya Windows. Programu ile ile ikafunguka, majina yote ishirini yakajipanga, nikawaambia wanawake kaeni tayari. Ikabonyezwa. Kimya. Jina la pili, kimya. La tatu, kimya. Wanawake wanajipepea. Mmoja akasema, "Bi Mize, hao waimbaji wako wamekwenda kusali?" Nilirudi nimejitanda ushungi mpaka puani.

Raya akanieleza, na hili lishike vizuri kwa sababu ndilo lililommaliza Faki. Akasema, "Bibi, wewe ulibeba orodha. Orodha si nyimbo. Ni kama kumwelekeza mgeni, nenda nyumba fulani, chumba cha pili, utamkuta Bi Kazija. Kwenye Mac hiyo nyumba ipo na Bi Kazija yumo. Kwenye Windows hakuna nyumba ya jina hilo, mgeni anagonga hewa." Akanionyesha folda lenye nyimbo zenyewe, zito, linachukua muda kuhama. Akasema ukitaka kuhamisha beba hili. Nikamwambia ahsante mwanangu, na nikaiacha ile orodha pale pale ilipokuwa, kubwa, mbele, mtu akifungua tu anaiona.

Faki hakukawia. Alipiga hodi mchana, kavaa kanzu imepigwa pasi, akatoa pole kama mtu. Nikamkaribisha chai. Akasema, "Bi Mize, nyimbo za wazee wetu zinapotea. Nipe nizihifadhi." Nikamuuliza zihifadhiwe wapi. Akasema kuna harusi ya wakubwa Gombani, ukumbi mzima, na wametaka siku ile mama yake atunzwe kwa nyimbo zake. Alisema hivyo, Kazija, "nyimbo zake", amekaa kwenye kiti chako, anakunywa chai yangu. Nikasema, mezea, Mize.

Nikamfungulia Mac. Akatafuta kulia akakosa, akabonyeza kipanya akakosa. Nikamwambia Raya atarudi sasa hivi atakusaidia. Akanitazama kwa huruma. "Bi Mize, hizi kompyuta nazichezea tangu wewe hujui kushika simu." Nikamwambia kweli mwanangu, endelea. Akaiona orodha, akaiburuta kwenye flashi yake. Kisha akafanya ujanja wake wa mwisho, akaifungua kutoka kwenye flashi kuijaribu, na weye ukaimba. Si lazima uimbe? Nyumba ilikuwepo, uko ndani yake. Akatabasamu. Akaniuliza, "Zote zimo humu?"

Nikamjibu, "Majina yote yamo humo."

Sikusema uongo hata neno. Chai hakuimaliza, kwa haraka ya wizi.

Gombani nilikwenda nikakaa safu ya pili. Bi Riziki alikuwa mbele kwenye kiti cha kitambaa, gauni jipya, shingo imejaa asumini. Sisi wanawake ukumbini, Faki nyuma ya pazia na mashine yake. Ukutani kulikuwa na picha za bi harusi, kubwa kama mlango wa msikiti, zinatoka kwenye kompyuta hiyo hiyo ya Faki, nayo ya Windows. Akatangaza mama yake. Vigelegele. Akabonyeza.

Kimya, Kazija. Kimya kitamu, nilikisikia mpaka kwenye meno.

Akabonyeza tena. Kule nyuma nasikia anahema kwenye kipaza sauti, kasahau kukizima. Akaanza kuhangaika, na katika kuhangaika akaondoa picha ya bi harusi, ikatokea orodha yenyewe ukutani. Raya alikuwa ameandika kila wimbo na mwenyewe. Bi Kazija, na jina la wimbo. Bi Kazija, na jina la wimbo. Mara ishirini, kutoka juu mpaka chini, herufi kama ngumi. Faki alijifunza kukufuta kwa mdomo, kwenye orodha hakukumbuka kukufuta. Wanawake wakaanza kukusoma, kwanza mmoja, halafu safu nzima, kwa sauti, kama wanafunzi. Na yeye kule nyuma anagonga vitufe, wala haioni picha iliyoko ukutani.

Bi Riziki hajui kusoma. Akamuuliza jirani yake, "Wameandika nini?" Akaambiwa. Akasimama. Nilidhani atakimbia, na nilitaka akimbie, nakwambia ukweli. Hakukimbia. Akasema pale pale mbele ya watu, "Nyimbo hizi ni za Kazija. Mimi mwanangu kaniambia Kazija kaniachia kwa wasia." Kisha akaivua asumini yake akaiweka kwenye kiti, akatoka polepole na ile miguu yake mibovu.

Hapo roho iliniuma kidogo. Nikaiambia ingoje, nimalize raha yangu kwanza.

Kesho yake Bi Riziki alikuja kwangu peke yake. Tumekaa barazani, hatukusema mengi. Yeye nimemsamehe na weye msamehe, kahadaiwa na mtoto aliyemzaa, na hilo linamtosha. Ameniuliza kama nilijua flashi haina kitu. Nikamwambia nilijua. Akasema, "Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo." Basi tukanywa chai.

Faki naye alikuja, kamleta shehe wa msikitini amsaidie kuomba. Shehe akanisomea mambo ya kusamehe, mazuri yote, nikamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha nikasema shehe, mtu huyu alimtoa mwenzangu jina kwa spika, mbele ya watu, naye yu hai anasikia. Leo anataka kulirudisha hapa barazani, kwa kunong'ona, mbele ya watu wawili na kuku. Shehe akatazama chini. Akasema, "Bi Mize anayo haki."

Nikampa Faki sharti. Nyimbo zenyewe ziko kwangu, folda zima, na Raya amenifundisha kuzihamisha moja moja ziimbe popote, Mac au Windows. Kila harusi atakayopiga, atakutaja kwa spika, weye na baba yako na kijiji chako, aseme nyimbo ni zako na alidanganya. Kila akitaja, nampa wimbo mmoja. Mmoja tu. Ataoza na harusi huyu.

Ya kwanza ilikuwa juzi hapa Vitongoji. Alikutaja, lakini kama mtu anayetaja ugonjwa. Nikampelekea ujumbe nyuma ya pazia kwamba ya sauti ndogo sihesabu. Akarudia. Ukumbi mzima ukasikia, na mie nikatoa flashi kifuani nikampelekea wimbo wako wa kwanza. Ulipoanza kuimba nilishindwa kuitikia. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi, Kazija. Nikawa nimekaa tu.

Sasa bado kumi na nane. Nikifa kabla, Raya anajua sharti, na yeye ni mgumu kuliko mie.

Ukihesabu utaona nimekosea, zilikuwa ishirini. Sikukosea. Mmoja sitampa. Ule ulioutunga mwaka ulioletwa nyumba hii, wa mwanamke anayetia chumvi kama anayekausha papa. Hukunitaja, na hakuna asiyejua ni mie. Mwaka mzima sikusema nawe, halafu nikajifunza kuupigia tari, tena kwa nguvu, watu wasione umenichoma. Huo nausikiliza peke yangu, nikishaosha vyombo. Umenitukana mie, si mtu mwengine, na tusi langu simgawii Faki.

Lala salama, mke mwenzangu. Nakuahidi jina lako atalitaja mpaka limwote ulimini.

Na chumvi yangu haikuwa nyingi.

Mize