Bukini wa Mlali

Jumanne, 4 Juni

Nimefagia banda. Nimebadilisha maji, nimemwaga pumba na majani ya mchicha. Bukini wote, kuku wangu wasio na mkia, wametoka wazima. Jogoo kapanda juu ya rundo la matofali akawika, nyuma yake mviringo, hana mkia hata unyoya mmoja. Mpita njia kaniuliza nani kamkata. Nimechoka kueleza. Wanazaliwa hivyo. Mama alikuwa nao, na mama yake kabla yake. Zamani kila nyumba hapa Mlali walikuwepo. Sasa wamebaki kwangu tu. Wenzangu wote wanafuga chotara.

Matetea wawili bado wako Mikese kwa mdogo wangu Sesilia. Aliwaazima waatamie mayai ya bata.

Alhamisi, 13 Juni

Mume wangu Gaspari karudi kutoka Gairo, alikwenda kununua karanga. Kaja pia na chotara kwenye tenga. Anasema hao ndio kuku, wananenepa haraka, hawa wa mama yangu ni wa kuchekesha watu. Nimemwambia awatenge kwanza. Kawafungulia humo humo bandani. Nimekasirika. Sikumsemesha mpaka chakula cha jioni.

Jumatano, 19 Juni

Chotara mmoja kajikunyata, anaharisha kijani. Nimempigia simu Eliza, afisa mifugo wetu. Kaniambia nisimruhusu jirani yeyote aingie bandani, na nisihamishe kuku hata mmoja. Nilimuuliza ni mdondo? Kasema anakuja kuona.

Ijumaa, 21 Juni

Ni mdondo. Wakishaugua chanjo haiwasaidii tena. Wanakufa chotara, wanakufa bukini, hauchagui. Jogoo shingo imepinda, anazunguka mahali pamoja. Siwezi kumtazama. Namtazama.

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda misa. Jogoo kafa asubuhi. Bandani hakikubaki kitu.

Gaspari kachimba shimo peke yake, kubwa kuliko lilivyohitajika. Halafu kachoma banda zima. Nimelilia kuku, mtu mzima mimi.

Jumatatu, 24 Juni

Sesilia anasema wale wawili ni wazima, wanatembea na vifaranga vya bata. Nimemwambia asiwalete, wala yeye asije kunitembelea kwa sasa. Wamepata chanjo ya matone kijijini kwao wiki iliyopita.

Basi nina matetea wawili. Jogoo sina. Wakipandwa na jogoo yeyote tu, kizazi kwa kizazi mikia itarudi, na bukini wa mama watabaki maneno.

Jumamosi, 6 Julai

Nimezunguka soko la kuku mjini tangu asubuhi. Nauliza jogoo asiye na mkia, wananicheka. Kijana mmoja kaniambia, "Mama, chukua huyu, mkia tunamng'oa hapa hapa." Nikacheka na mimi, kwa uchungu.

Nikiwa naondoka, mama mmoja muuza karoti kanivuta kanga. Anatoka juu milimani. Anasema kwao, kupita misheni, kuna bibi anaitwa Bi Mwanaidi. Anaye jogoo wa hivyo. Mganga alimtaka, bibi akamfukuza.

Nimerudi nyumbani nikiwa na mwendo mwingine kabisa.

Jumanne, 9 Julai

Nimepanda mlima. Eliza aliniagiza nivae nguo na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga banda langu, nikaazima za jirani asiyefuga. Pikipiki ilinifikisha barabara inapoishia. Kilichobaki ni miguu, kabichi kulia, kabichi kushoto, na baridi.

Nilimkuta Bi Mwanaidi anaanika maharage. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umefuata jogoo."

Nilishangaa. Kumbe yule mama wa karoti alishapiga simu. Jogoo mwenyewe alikuwa pale pale, mwekundu, mzito, nyuma laini kabisa.

"Jogoo wangu hashuki mlima," bibi kasema. "Na kuku wako wamekufa kwa ugonjwa. Ndio unataka kuniletea?"

Ana haki. Matetea wake wa bukini walichukuliwa na mwewe na kicheche hadi wakaisha. Yeye ana dume bila majike, mimi nina majike bila dume. Kanipa chai, tukazungumza habari za mama zetu. Kuhusu jogoo hakurudi nyuma hata hatua.

Jumatano, 17 Julai

Nimepanda tena, safari hii na Eliza. Chanjo tuliibeba kwenye chupa ya chai, imezungukwa na barafu. Tulimwambia bibi hatujaja kuomba jogoo, tumekuja kuwakinga kuku wake.

Akakataa. Zamani walikuja watu na sindano na kuku wake wakafa wote. Eliza hakubishana naye. Alimpa pole, akamwambia huenda ugonjwa ulikuwa umeshaingia kabla ya sindano. Akamwonyesha kichupa cha chanjo. Tone moja tu, jichoni.

Bibi kakigeuzageuza mkononi. Akaruhusu kuku wengine kwanza. Mwisho akamshika jogoo mwenyewe, akamfumbata kifuani, akageuza uso pembeni. "Mtie," kasema.

Jogoo akatikisa kichwa, basi. Nimeshuka nikiwaza. Huyu akifa, nimemuua mimi.

Alhamisi, 25 Julai

Bibi kapiga kwa simu ya jirani yake. Niliona namba nisiyoijua, nikaiacha iite kwanza. Kasema, "Wazima wote. Lete hao wake zake."

Jumamosi, 3 Agosti

Nimewachukua matetea Mikese na kuwapeleka moja kwa moja mlimani, nyumbani sikupita. Eliza aliwakagua kwanza. Bibi kawatenga kwenye kibanda cha peke yao siku chache, mpaka aridhike. Mimi ningemshauri hivyo, kanitangulia.

Kuwaacha kuliniuma. Ndio wote nilionao, na nimewaweka mikononi mwa mtu niliyemjua mwezi uliopita.

Jumapili, 1 Septemba

Mayai yote viza. Tetea wa kwanza kaatamia hadi mwisho, bibi akapasua moja moja. Hakuna kitu ndani. Kaniambia labda Mungu hajapanga.

Gaspari anajenga banda jipya upande wa pili wa nyumba. Nimemuuliza banda la nini. Kaendelea kugonga misumari. Nimechukia kila kitu leo, hata ile nyundo.

Jumanne, 3 Septemba

Eliza kauliza, kasoma, kanipigia. Kumbe bukini hana mkia wa kuinua. Manyoya yanamfunika nyuma yote, jogoo akipanda hafiki. Dawa yake ni mkasi.

Nimempigia Bi Mwanaidi kwa simu ya jirani yake. Kasema, "Yaani tuwanyoe?" Akacheka mpaka simu ikakatika.

Jumatano, 4 Septemba

Tumekaa uani kwa bibi, juani. Mimi nashika, yeye anakata kwa mkasi wangu wa kushonea. Matetea walitulia. Jogoo alipigana kama mwanamume anayepelekwa kinyozi kwa nguvu. Bibi anamwambia, "Tulia, bwana harusi." Majirani walikuja kuchungulia uani, wakaondoka wanatikisa vichwa.

Leo nimefurahi. Tangu Juni sikuwa nimefurahi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wameangua.

Nilipanda mara tu niliposikia. Nimewashika mmoja mmoja, nikapitisha kidole nyuma. Wengine wana kinundu cha mkia. Wengi hawana. Nilikuwa nikiwahesabu na kusahau, nikaanza upya. Bibi kanishika bega, kasema laiti mama zetu wangekuwepo.

Tumekubaliana. Jogoo mkubwa anabaki juu. Wakikua, nusu wanashuka kwangu, na Sesilia atapata wake Mikese. Wasikae tena mahali pamoja wote. Chanjo kila inapofika zamu yake, juu na chini.

Nimemweleza Gaspari. Kasema banda limeshaisha, lina hata chumba cha pembeni cha kuwatenga wageni. Alikuwa ananiangalia miguu, si uso. Nimemwambia ni zuri. Ni zuri kweli.

Jumapili, 5 Januari

Bi Mwanaidi kashuka kututembelea, mara yake ya kwanza Mlali. Gaspari kamwamkia, kamtolea kiti. Bibi kakikataa, kakaa nami mkekani. Tumemenya kunde. Jirani wa nyumba ya chini kaja kuomba mayai ya bukini akaatamishe. Nimempa yale bibi aliyoshuka nayo.

Vijogoo wawili, kati ya wale walioshuka kwangu, wanajaribu kuwika. Sauti bado mbaya. Matetea wanachakura chini ya migomba, hawana habari na mtu.

Jioni mvua kidogo. Waliingia bandani wenyewe. Nimefunga mlango, tukaenda kula.