Matanga ya Kaporali

Jumamosi. Mvua imekatika, ukungu umeondoka juu ya ziwa, na macho yangu ni mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu vya harusi nzima.

Leo asubuhi Kaporali amekufa.

Kaporali ni mbwa wetu. Nasema mapema, maana leo watu wengi hapa Cimpunda wamemwaga machozi kwa kutoambiwa mapema, na kosa ni langu.

Miaka kumi na mitatu iliyopita mke wangu alikwenda Bunyakiri kununua mafuta ya mawese, na muuzaji akamwongezea mbwa. Matabishi, alisema, nyongeza ya mteja mzuri. Nyongeza yenyewe ilitoshea ndani ya sufuria. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa namtengenezea kibanda, maana mimi ni seremala na sijui njia nyingine ya kuomba msamaha. Kibanda hakukilalia hata usiku mmoja. Alichagua kulala kwenye mlango wa chumba cha mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Koko, na hapo amelala miaka yote.

Mchana alikaa katikati ya ngazi ya mlimani inayopita mbele ya nyumba yetu, na hakuna aliyepita bila kukaguliwa. Jina lake lilitoka hapo. Aliyekaguliwa kuliko wote ni Maman Bahati, jirani yetu wa juu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri anashuka kwenda misa, na kila siku Kaporali alimbwekea kana kwamba hajawahi kumwona. Halafu, miaka miwili iliyopita, akala sinia zima la sambaza, dagaa wa ziwani, alizokuwa ameanika. Tangu siku hiyo Maman Bahati hakunisalimia. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikanuna pia. Tulikuwa tunapishana kwenye ngazi yenye upana wa mlango, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Mwezi uliopita Kaporali alianza kushindwa kupanda ngazi. Neema, binti yetu wa miaka tisa, akaniuliza: akifa tutamweka wapi?

Kwa mtu wa Cimpunda swali hilo si dogo. Nyumba zimebanana hadi unajua jirani anapika nini kabla yeye mwenyewe hajaonja. Uwanja wetu wote ni saruji, hatua nne kwa sita. Mbwa wa huku akifa anatiwa ndani ya gunia, gunia linapelekwa mtaroni, na mvua inamalizia.

Najua hayo vizuri. Nilipokuwa mtoto nilikuwa na mbwa, aliitwa Tumbo. Alipougua, tonton wangu, ndugu wa baba, aliondoka naye, akaniambia amempeleka Nyantende kupumzika shambani. Siku mbili baadaye nikalikuta gunia mtaroni, kwenye njia ya shule, na mkia ninaoujua ukiwa nje. Nilikuwa na miaka minane. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu sijamwambia. Ninaliandika hapa kwa mara ya kwanza.

Basi nikamwahidi Neema kwamba Kaporali hatatupwa.

Niliahidi bila kuwa na hata koleo moja la udongo.

Nilimpigia yule yule tonton, ambaye sasa kweli anaishi Nyantende na ana shamba. "Mbwa? Ku shamba ya baba yetu?" Akacheka mpaka simu ikakatika. Nikasema moyoni nitafikiria. Mwezi mzima nimefikiria, yaani sikufanya chochote. Kila asubuhi nikimwona amefumbua macho nilijipa siku moja zaidi.

Leo saa kumi na moja sikusikia kubweka. Nikadhani nimelala sana. Kulipokucha nilichukua vichwa vya sambaza, chakula chake cha asubuhi, nikamkuta pale pale kwenye mlango wa Koko, pua yake kwenye upenyo wa chini. Nilipomgusa nikajua.

Nilipofiwa na baba nililia kwa adabu, kitambaa mkononi. Leo sijui nilishikwa na nini. Nilitoa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilitoka nje nikachomoa kitenge cha Koko kwenye kamba ili nimfunike, miguu ikakataa kurudi ndani, nikabaki nimesimama mbele ya nyumba, kitenge begani, nalia mbele ya mtaa mzima.

Sasa, watu wa huku kilio wakikisikia hawaulizi. Kufika mlangoni na kuuliza ni nani amekufa ni kukosa malezi. Unabeba ulicho nacho, unakuja, unakaa, utajua baadaye. Na leo ni Jumamosi, siku ya salongo, usafi wa mtaa, kila mtu yuko nje anafagia mbele ya nyumba yake. Wote walijua kwamba Koko anaumwa kifua tangu mvua zianze. Waliona kitenge chake begani kwangu. Wakaelewa, au walidhani wameelewa.

Wa kwanza kufika alikuwa Maman Bahati, mzigo wa kuni kichwani, analia na kulitaja jina la mama yangu. Nyuma yake viti vya plastiki, nyuma ya viti turubai, nyuma ya turubai wanawake wenye mikeka. Uwanja ulijaa haraka kuliko ninavyoandika hapa.

Hapa naungama. Sauti ilinirudia mapema. Ningeweza kusema. Lakini mwanamume wa miaka arobaini na miwili, mbele ya watu wote wale, aseme analilia mbwa? Nikanyamaza. Niliwaacha wamlilie mama yangu kwa muda wa kutosha kuchemsha chai.

Mlango ukafunguka, Koko akatoka.

Alikuwa ameshamwona Kaporali, machozi yalikuwa mashavuni. Alikuja kunifariji mimi. Akawakuta watu zaidi ya thelathini, midomo wazi.

"Na hapa muko nalilia nani?" akauliza.

Maman Bahati, mkweli kama kawaida yake, akasema: "Ni weye, Koko."

Mama yangu aliwatazama mmoja mmoja. Alitazama turubai, viti, kuni. Kisha akavuta kiti, akakaa katikati.

"Basi muendelee kidogo," akasema. "Nisikie."

Kulitokea kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwenye matanga. Kulikuwa na mwanamke aliyeanguka kwenye mkeka na hakuweza kuinuka. Papa Justin, mwenye viti, alikasirika, akabeba viti viwili akapanda navyo ngazi, kisha akarudi navyo kwa sababu hakutaka kukosa yatakayofuata. Koko alipomaliza kufurahia, akasema aliyekufa ni Kaporali, kwamba alilinda mlango wake usiku mwingi ambao sisi hatuujui, na anayetaka kulia alie, haiko vibaya.

Mtu mwema alikuwa ameshampigia mke wangu, ambaye yuko Bunyakiri tangu juzi. Nilipompata kwa simu, alikuwa analia hata hawezi kuvuta pumzi. Nikamwambia maman yuko mzima, ni Kaporali. Akavuta pumzi, akauliza:

"Alikula jana?"

Nikamwambia alikula. Ndipo akaanza kulia upya, taratibu.

Niliporudi uwanjani watu wote walikuwa wanamtazama Maman Bahati. Yeye ndiye aliyelia kuliko wote, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote, na kuni zake zilikuwa bado miguuni pake. Nilijiandaa kutukanwa. Moyoni nilikubali kwamba ninastahili.

"Kuni imeisha fika," akasema. "Mupike chai." Kisha akanigeukia, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu katika miaka miwili: "Papa Neema, na huyu mutamuweka wapi?"

Nilitazama saruji. Neema akajibu badala yangu, kwa sauti ya darasani, kwamba papa aliahidi Kaporali hatatupwa mu mutaro.

Watu waliinamisha vichwa. Nadhani si mimi peke yangu niliyewahi kukuta gunia njiani.

Maman Bahati aligeuka akatazama juu, kwenye kipande chake cha udongo kando ya ngazi. Ndicho pekee katika upande wetu wa mlima, na kila jani la sombe, kisamvu chake, lililopo pale analijua. Neema alinishika mkono.

"Alikula sambaza yangu," Maman Bahati akasema. "Sasa achunge sombe yangu."

Nikalia tena. Safari hii sikujificha nyuma ya mtu yeyote.

Nilimtengenezea sanduku kwa mbao za kabati ambalo mteja hakurudi kulichukua. Koko akasema kitenge kilekile nilichokichomoa afunikwe nacho, yeye hatakivaa tena baada ya kuliliwa nacho. Wanaume wakashika makoleo ya salongo. Papa Justin, yule wa viti, ndiye aliyechimba zaidi, huku akilalamika. Maman Bahati alituonyesha mahali: kwenye ukingo kabisa, karibu na ngazi. Alisema kwa miaka yote Kaporali alikuwa ndiye saa yake. "Ananiamushaka, ananitukanaka, najua misa iko karibu. Nitapita pembeni yake."

Neema ameweka vichwa vya sambaza juu ya udongo. Paka wa jirani amekwisha kuvichukua, nami nimenyamaza.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Viti vimerudi kwao. Koko amekaa mlangoni na anawahesabu waliokuja kumlilia, na wawili ambao hawakuja anawajua kwa majina. Amekula vizuri, kikohozi kimetulia kidogo, na anasema tusikawie kutafuta mbwa mwingine. Neema anasema tungoje kwanza. Niko upande wa Neema, ingawa nimekitazama kile kibanda cha zamani na kuona kinahitaji misumari michache tu.

Kinachonisumbua ni alfajiri. Kesho ni Jumapili, Maman Bahati atashuka, na ngazi itakuwa kimya.

Nimeweka simu initoe kitandani saa kumi na nusu. Saa kumi na moja nitakuwa nimesimama pale katikati, mahali pa Kaporali. Sitabweka. Nitamsalimia.