Rangi Haingojei

Jumapili, 7 Agosti 1994

Na bado nina rangi ya kijivu kwa kidole.

Makosa ni ya mume wangu, Baba Mutua. Jana alirudi kutoka gereji na mkebe wa rangi iliyobaki, ile ngumu ya kupaka matangi, na walikuwa wameshaitia hadna. Hiyo dawa ikishaingia, rangi haingojei mtu. Saa chache tu inagandia mkebeni kama jiwe. Badala ya kuitupa, akatangazia ploti nzima: "Leteni vitu!"

Wakaleta meza, masanduku ya shule, na kila nyumba stuli yake. Hata jirani yangu Mama Ayuma! Hatujasalimiana tangu Pasaka, alipoanua nguo zangu mbichi kwenye kamba ili aanike zake. Akaweka chini stuli yake yenye mguu mmoja mfupi, akaenda.

Nilinuna. Baba Mutua akapaka tu, huku akikohoa. Hicho kikohozi kinanitia wasiwasi. Kesho hatoki hapa bila kitambaa cha kufunga pua.

Leo zimekauka, stuli zote pacha. Nikachukua moja nikakaa nje kukata mboga ya sukuma. Ikayumba. Nikajua ni ya nani. Sikuinuka.

Jioni Mama Ayuma akaja akasimama mbele yangu. "Mama Mutua, hiyo umekalia ni yangu."

"Najua," nikamwambia. "Nilikuwa nangoja uje useme."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Tukamaliza sukuma pamoja, yeye amekalia yangu, mimi yake.

Kesho tunafua. Amesema kamba nianze mimi.