Mzigo wa Vipuri

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inang'ata hadi kwenye kucha. Miguu yako bado inavimba? Mdogo wangu Kijiti ameandika kutoka kambini?

Mama, kuna jambo limenikaa kooni. Juzi nikiwa juu kwenye kreni, sanduku moja lilipasuka gatini. Karatasi zilisema vipuri vya matrekta. Vipuri gani! Makombora, yamepangwa kama mayai kwenye trei, na meli inakuja huko kwetu. Wenzangu wa chama cha wafanyakazi wamegoma kupakia, wanasema jeshi la huko kwetu linapiga miji ya nchi yake. Msimamizi naye anasema, "Serikali imetoa kibali, ninyi mnajifanya nani?"

Nifanyeje?

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Miguu imevimba, mdomo haujavimba, kwa hiyo nisikilize.

Mdogo wako yuko kwenye mizinga, mstari wa mbele. Ameandika kwamba silaha zinawaishia. Ukigoma, atapigana na nini, mwiko? Hao wenzako wana ndugu huku? Mimi nina wewe na yeye, basi. Pakia, baba. Dhambi ni ya muuzaji na mfyatuaji. Mbeba mzigo hana kesi.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na miguu.

Nimepakia. Wenzangu walisimama getini, nikapita katikati yao nikitazama viatu vyangu. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Nisamehe kwa kimya. Barua hii nimempa mtu mkononi, posta siiamini.

Kijiti amerudi, mzima wa viungo tu. Ametoroka jeshini. Anasema mzigo mpya ulipofika, waliamriwa kulenga soko letu, eti waasi wamejificha humo. Aliona vibanda vya nguo kwa darubini. Akafyatua.

Shangazi yako, fundi cherehani, alikuwa kibandani kwake. Tumemzika.

Kijiti hali chakula. Ananiuliza, "Mama, yale makombora yalitoka wapi?" Namwambia sijui.

Mama yako

14 Julai

Mama,

Shikamoo. Pole, mama yangu, na mpe Kijiti pole. Shangazi ndiye aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule.

Chama kimefungua kesi. Kampuni iliyouza silaha inasema ilikuwa na kibali. Waliotoa kibali wanasema mnunuzi aliahidi kulinda mpaka tu. Mpira unapigwa huku na huku, hakuna anayeudaka. Mwanasheria wa chama anatafuta shahidi aliyeyaona makombora, nikajitokeza. Akaniuliza, "Na nani aliyapakia?" Nikamwambia, "Mimi."

Akaweka kalamu chini. Amenionya kwamba naweza kufukuzwa kazi, hata nchini. Ukisema nisiende, sitakwenda.

Mwanao

1 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, kwa namna yangu.

Nimemwambia Kijiti ukweli wote, wako na wangu. Alitoka nje. Aliporudi alisema, "Kumbe tulikuwa watatu." Kisha akaomba chakula.

Nenda kaseme. Wakikuuliza nani alikuambia upakie, usinifiche kwa kuwa ni mama yako. Sema ni mimi, na kwamba nilijua ndani mna nini. Halafu uwageukie wale wenye suti na vibali, uwaulize wao walijua nini.

Wakikufukuza, njoo. Mlango haufungwi.

Mama yako