Uchorwe Miguu, Baba

Wembley, London

Shikamoo Baba,

Goti limepoa? Mama ananiambia bado unachechemea, ukidhani hakuoni. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Kazi ni pale pale dukani, tunauza vifaa vya kutelezea kwenye theluji. London yenyewe haina mlima, Baba. Watu wananunua hapa, wanaenda kuteleza nchi za watu. Cheka tu.

Jumamosi alikuja mzee mmoja wa rika lako. Anateleza kwa mtindo unaoitwa telemaki: buti linafungwa kwenye ski, kile kipande kirefu cha kutelezea, mbele tu, kisigino kinabaki huru, na kila kona unaikata kwa kupiga goti. Akasema anakwenda na mjukuu wake kwenye miteremko mikali yenye barafu ngumu. Kisha akachagua buti laini za ngozi, kama alizovaa ujanani, na ski pana nyepesi.

Nilijua amekosea. Ski pana ni za theluji laini. Kwenye barafu unataka nyembamba, ngumu, zenye kingo za chuma zilizonolewa zikang'ata. Na buti ziwe ndefu, za plastiki, la sivyo mguu unageuka na ski inabaki ilipo. Lakini mzee alikuwa ameshaamua, na mimi nimelelewa na wewe. Nikasema, "Umechagua vizuri, mzee wangu." Akaviacha tutoboe ski na kufunga vishikio vya buti, akaenda zake.

Bosi wangu, Bi Nalini, alikuwa anasikiliza. Ni Mhindi aliyezaliwa Mwanza, anakaa Stanmore, na akikasirika anahamia Kiswahili.

"Wee Aneth! Umemwona anakosea, ukampamba?"

"Ni mtu mzima, mama. Nitambishiaje?"

"Heshima gani hiyo ya kumwacha mzee avunjike? Ski hazitobolewi hata tundu moja. Jumanne akija, utamwambia wewe."

Jumanne akaja. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamwambia nilimdanganya. Uso ukamkunjamana. Akasema yeye alianza kuteleza kabla mama yangu hajazaliwa! Nikakaribia kunywea, lakini nikatoa ubao wa mteremko tunaojaribishia buti na ski, nikamvisha buti la ngozi mguu mmoja na la plastiki mguu wa pili, kila moja na ski yake. Nikamwambia apige goti, alalie ubavu. La ngozi likapinda, ski haikusogea. La plastiki likaigeuza ski mara moja, chuma kikakwaruza ubao. Akarudia mara tatu, mbishi kama wewe. Mwisho akabadilisha vyote, buti na ski. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Mbona hukuniambia Jumamosi?"

Nilikuwa nakuwaza wewe.

Nilipokuja likizo nilikupakia begi lako la mlimani, nikaziona buti zako. Soli zimelika, zimekuwa chapati. Ukasema, "Hizi zinaijua njia zenyewe." Nikacheka, nikasema kweli Baba. Wiki tatu baadaye ukateleza kwenye barafu karibu na kilele, na wageni uliokuwa unawaongoza ndio wakakushusha. Mama alinisimulia huku analia. Niliona, nikanyamaza kwa sababu wewe ni baba yangu. Naona aibu sana.

Sasa nakubishia, kwa mara ya kwanza tangu unizae: buti hizo hazifai. Usipande nazo tena. Nitakuchagulia nyingine mimi mwenyewe, lakini viatu vya mlimani havikisiwi, na kila nikikuuliza namba unajibu "ile ile". Ndiyo maana safari hii sikupiga simu. Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili tupu. Vaa soksi zako nene, simama juu yake kwa uzito wote, Mama achore kwa penseli. Miguu yote miwili, maana Mama anasema wa kulia umevimba tangu uanguke.

Nisalimie Mama, mwenye macho yasiyodanganyika, na shangazi yangu mchuma kahawa. Kaka Eliya, anayebeba mizigo ya wageni nyuma yako, mwambie salamu zake nimezishikilia kwanza. Yeye ndiye anayezitazama soli zako njia nzima, na hajawahi kukubishia.

Karatasi zisiporudi, Baba, nitajua umeshapanda na buti zile zile, na sitalala mpaka nisikie umeshuka.

Mwanao mbishi,
Aneth