Siku Tisa Katika Daftari la Vipepeo

Izigo, Muleba,
Kagera.
Jumapili, 8 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Immakulata,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Rwegasira na mabinti. Mguu wako unaendeleaje? Wakati wa Pasaka uliniambia ukipiga magoti kanisani huinuki tena bila kushikwa mkono. Uukande na maji ya moto kila asubuhi, usingoje mpaka uvimbe. Na jua la huko Tabora mwezi huu nalisikia, usitoke bila kujifunga kichwa.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi. Baba Kemi mgongo unamsumbua, lakini chai anakunywa na kugomba anagomba, kwa hiyo ni mzima. Mama mkwe macho yamekwisha, mdomo bado. Kahawa tumemaliza kuianua wiki iliyopita. Upepo umeangusha migomba miwili ya nyuma ya nyumba, yote ilikuwa na mikungu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikianza kusema haya nalia na vocha inakwisha. Halafu simu yenyewe mama mkwe anataka iwekwe sauti kubwa ili na yeye asikie. Uvumilie mwandiko, darasa la nne ni lile lile.

Immakulata, ujumbe wako wa mwezi uliopita nimeusoma mara nyingi. Ulisema umesikia mwanangu Kemilembe amefukuzwa kazi kwa uongo, na kwamba una mabinti ndani, hutaki mtoto muongo alale nao chumba kimoja. Aliyekuambia namjua, wala simlaumu, alisema alichosikia. Lakini si hivyo. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Ile kazi ilikuwa hivi. Mwaka jana walikuja watu wa mradi wa vipepeo, ofisi yao iko Bukoba mjini. Wakachukua vijana kumi na wawili, kila mmoja akapewa njia yake ya kupita na daftari. Njia ya Kemi ilianzia kwenye kibanja chetu cha migomba hapa, ikapita kisimani, ikatokea rweya kule kwenye nyasi tupu. Kila siku saa nne, jua likishapasha, anatembea pole pole saa nzima na kuandika kila kipepeo anayemwona: rangi, ukubwa, wangapi. Asubuhi kabla ya uji alikuwa anapita kwanza kanisani, anaandika nondo waliobaki ukutani chini ya taa. Mimi nondo niliwaona ni vumbi tu lenye mabawa. Akanionyesha mmoja ana macho mgongoni kama bundi. Tulimtazama mpaka uji wangu ukaungua.

Watu walimcheka tangu mwanzo. Wenzake wanachuma kahawa, yeye anapita na kalamu. Mama mkwe akawa anasema, "Angehesabu senene tungeona kitoweo. Vipepeo wanaliwa na nani?" Baba yake naye akasema amesomesha mtu mpaka kidato cha nne aje kuchunga wadudu. Kemi alikuwa anacheka nao. Alijua anachokitafuta. Msimamizi wao, bwana Isaac, aliwaahidi kwamba kiangazi cha mwaka huu kikiisha, mwenye daftari zuri kuliko wote atapelekwa chuo cha wanyamapori miaka miwili, mradi unalipa kila kitu. Matokeo yake ya kidato cha nne unayajua. Mlango mwingine hakuwa nao.

Basi Julai, tarehe tisa, malaria ikamwangusha pale kisimani. Tukampeleka hospitali ya Rubya kwa pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma, anaungua kama jiwe la mekoni. Alilazwa siku tisa. Wifi Consolata ameolewa kule kule, ndiye aliyemuuguza. Mimi nilirudi kwa sababu ya kahawa iliyokuwa uani na mama mkwe asiyeona. Nikaenda kumwona mara mbili tu. Neno alilokuwa anasema kwenye homa ni daftari, daftari.

Nilipofika nyumbani nikalifungua. Ukurasa mtupu. Nikasema moyoni, wenzake wanajaza, wangu ataachwa. Baadaye nimekuja kujua kwamba mtu akiumwa inaachwa wazi, anaandika tu mgonjwa, na hapunguziwi kitu. Nani angeniambia? Nikachukua kalamu nikatembea mwenyewe kama nilivyomwona akitembea.

Siku ya kwanza nikaona vipepeo wanne. Ya pili saba. Jua lilikuwa limekausha kila kitu. Nikamwonea huruma mtoto, nikaona atarudi akute wanne na saba. Wiki hiyo Baba Kemi alikuwa amekamua ndizi za pombe ya olubisi, kulikuwa na posa ya mtoto wa kaka yake. Wewe mwenyewe unakumbuka nyumbani kwa mama, pale walipomwaga makapi ya ndizi, vipepeo walivyokuwa wanajaa wakanywa mpaka unamshika mmoja kwa vidole na hana habari. Nikabeba makapi beseni mbili, nikayamwaga pembeni ya njia, sehemu tatu. Nikasema hata kuku unamtupia kwanza mtama ndipo unamhesabu.

Mdogo wangu, walikuja. Siku ya nne walikuwa thelathini. Siku ya sita, tarehe kumi na tano, mia moja na tisa. Wale wakubwa wenye mikia miwili, ambao Kemi akimwona mmoja kwa wiki anakuja mbio kunisimulia, walikuwa kumi na tisa pale pale miguuni pangu. Nikachora vijiti vitano vitano kama tunavyohesabu madebe ya kahawa. Niliowaona ndio niliowaandika, sikuongeza hata mmoja. Nilirudi nyumbani naimba. Siku ya mwisho nikayazoa yale makapi nikayafukia kwenye migomba yawe mbolea.

Kemi akarudi amekonda, akafungua daftari akiwa bado kitandani. Akaniuliza, "Mama, hawa umewaona kweli?"

Nikamwambia, "Kwa macho yangu haya."

Akaniegemea begani. Habari ya makapi sikumwambia. Sikuificha, niliona si jambo la kusema. Akanakili siku zote tisa kwa mwandiko wake, akapeleka. Kwamba hakuzihesabu yeye hakusema, hilo ndilo kosa lake, silifichi. Aliniamini.

Tarehe kumi Agosti ukawa mkutano wao, Nshamba, na wazazi tukaalikwa. Nilivaa kile kitenge ulichonipa. Nilijua wanakwenda kumtangaza.

Bwana Isaac akamsimamisha mbele. "Kemilembe, tusomee tarehe kumi na tano Julai."

Akasoma, "Mia moja na tisa."

"Ya mwezi?"

"Ya siku hiyo, bwana."

Watu wakaanza kucheka. Bwana Isaac akasema, "Mwenzako wa njia ya jirani aliona watano. Wewe wako unawafuga? Na hawa wenye mikia miwili, kumi na tisa, hao wanaokaa juu mitini. Walishuka na basi gani?"

Kemi akasema walionekana. Hapo kijana mmoja, Mwijage, anayehesabu upande wa Rubya, akanyoosha mkono. Kwa adabu kabisa, kama mtu anayetaka kusaidia. "Samahani, bwana Isaac. Tarehe hiyo mimi nilimwona hospitali, ana dripu. Nilimpa pole."

"Kumbe waliingia wodini," akasema bwana Isaac. Wakacheka wote, hata wazazi, hata mama aliyekuwa amekaa nami benchi moja na kula karanga zangu.

Immakulata, mtoto akageuka akanitazama. Nilikuwa benchi la tatu. Hakunitaja. Alinitazama tu, akaningoja. Nikasema nitasimama huyu bwana akimaliza kuongea. Akamaliza. Nikasema nitasimama watu wakinyamaza. Wakanyamaza. Kiswahili chote kilinikimbia, na Kihaya kikakifuata. Nikashika fundo la kitenge nikalitazama hilo. Nikasikia Kemi anasema, "Nilikosea." Akaweka daftari mezani, akatoka nje.

Tulirudi Izigo. Alidhani labda nilijichorea tu vijiti nyumbani, nami sikumwambia chochote. Siku tano hazijaisha, jina lake likawa Mia na Tisa. Kisimani, Mia na Tisa. Dukani, Mia na Tisa anataka chumvi. Jumapili mwinjilisti akatangaza wimbo namba mia moja na tisa, maskini hajui lolote, na kanisa zima likakohoa. Kemi alisimama akaimba beti zote. Mama mkwe naye akimsikia anapita anauliza, "Leo ni wangapi?" Nikamwambia, waitu, tafadhali mama, mtoto hana kosa, muacheni. Akasema, "Kama hana kosa, mwenye kosa yuko wapi?" Macho hayaoni, lakini aligeuza shingo kwangu.

Nikavumilia mpaka tarehe ishirini na nane. Nikapanda gari asubuhi kwenda Bukoba bila kumuaga mtu. Ofisi iko juu ya duka la vitambaa la yule mama mzee Mhindi, Induben, tuliponunua shela ya harusi yako. Nikamkuta bwana Isaac, nikamweleza yote: siku tisa ni zangu, makapi ni yangu, mtoto aliamini kwamba mama yake ameona.

Alisikiliza vizuri, hakunikaripia. Akasema, "Mama, kwa nini hukusema pale Nshamba? Ningezifuta siku tisa, basi. Zile nyingine mia mbili na zaidi zilikuwa safi kuliko za wote. Yeye ndiye tuliyekuwa tumemchagua."

Nikamwomba azifute sasa. Akasema orodha ilikwishaondoka, Mwijage amepanda basi la chuo Jumatatu.

Nilidhani yamekwisha. Akavuta karatasi, akaanza kuniuliza. Ndizi gani? Zilikaa siku ngapi tangu kukamuliwa? Wale wa mikia miwili walikuja saa ngapi? Nikamjibu, naye anaandika anatabasamu. Akasema kiangazi kijacho vijana wote watawekewa chambo cha namna hiyo, kwenye daftari la pekee, na kwamba nimewasaidia sana. Kisha akasema njia ya Izigo haina mtu, mimi nina macho mazuri na mkono mwaminifu, nichukue mimi. Akanipa daftari jipya. Nililipokea, Immakulata. Mtu mkubwa akikunyooshea kitu kwa mikono miwili unapokea. Nilifika chini kwa Induben ndipo nikaona nilichobeba.

Siku ya pili yake mchana tukiwa tunamenya ndizi nikamwambia Kemi yote. Makapi, Bukoba, daftari. Nilingoja alie au anitukane. Akauliza kimoja tu.

"Pale Nshamba, nilipokutazama, uliniona?"

Nikasema nilikuona.

Akamaliza kumenya. Akaosha kisu.

Tangu siku hiyo hajanikosea neno. Asubuhi ananiamkia shikamoo kwa kupiga goti, ananiletea maji ya kunawa, ananiuliza kama nimelala salama, vile anavyowafanyia wageni wa baba yake. Zamani alikuwa anaingia jikoni ananinyang'anya mwiko. Daftari alisema nisilirudishe, njia isikae bure. Jana na juzi amenitembeza kunifundisha. Huyu ni wa kike, huyu ni yule yule ameruka akarudi, usimwandike tena. Nilikosea mara nne, hakukasirika hata mara moja. Kesho naanza peke yangu.

Ninachokuomba ni hiki. Anataka kuondoka, na mahali pengine hana. Atapanda basi Alhamisi. Mpokee. Alale na mabinti zako, hatawafundisha uongo. Kama hasira bado unayo, niletee mimi, anwani unayo. Huko hawamjui kwa lile jina, na wewe usilitamke hata kwa mzaha. Ana homa inayorudi mwezi ukiandama, asilale bila chandarua. Dagaa hali, anasema tu anakula. Krismasi amesema hatakuja, usimlazimishe. Ukipata nafasi uniandikie kama anakula na kama anacheka. Usimwambie nimeuliza.

Baba Kemi anakusalimu, na wifi Consolata, na mama mkwe anasema umtumie asali ya Tabora. Msalimie shemeji Rwegasira na mabinti mmoja mmoja kwa jina. Mungu aufunike mlango wako, na akuponye huo mguu.

Dada yako, anayekupenda na hajaacha kukuombea,

Evodia.